Mkoko hunywaje maji ya bahari?

Songo Songo, wilayani Kilwa, inajulikana kwa gesi asilia iliyogunduliwa mwaka 1974 na kuanza kuzalisha umeme Dar es Salaam mwaka 2004. Lakini kisiwa hicho ni cha matumbawe, na kwenye visiwa vya namna hii maji baridi ni ya kuchungwa: kisima kikichotwa kupita kiasi, maji ya bahari hupenya na kukiharibu. Katika makala haya tunautazama mkoko, mti unaosimama ndani ya chumvi na bado ukanywa.

Mti hufanyaje?

Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi. Jua na upepo hukausha maji kwenye majani ya mkoko, na yanayopotea huvuta mengine kutoka chini kupitia mirija myembamba ya shina, kama tunavyovuta maji ya dafu kwa mrija. Mvuto huo huyapitisha maji kwenye mizizi, na sehemu kubwa ya chumvi hubaki nje. Mchu una njia ya ziada: hutoa chumvi kupitia majani. Ukiramba jani lake, utaionja.

Wanasayansi wameiga nini?

Mwaka 2008, watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walitengeneza "mti" wa maabara uliovuta maji kwa uvukizi pekee. Mwaka 2020, wenzao wa Chuo Kikuu cha Yale waliunda mkoko wa bandia: utando unaochuja chumvi ukawa mizizi, kipande chenye vitundu kikawa shina, na utando wenye matundu madogo mno ukawa majani. Kifaa hicho kilichuja maji ya chumvi bila pampu.

Je, kitafika visiwani?

Bado. Maji safi hutoka kwenye "majani" hayo yakiwa mvuke, hivyo ni lazima yanaswe na kupozwa ndipo yanyweke. Mitambo mingi ya sasa ya kuondoa chumvi husukuma maji kwenye utando kwa pampu; pampu inataka umeme, na utando unataka kusafishwa na kubadilishwa.

Kwa kaya ya kisiwani leo, paa la bati, mfereji na tangi safi lenye mfuniko bado vinashinda kifaa cha maabara. Nao mkoko wenyewe, ukiachwa usimame, hulinda ufukwe na kulea samaki.