Diski Isiyolia

Kabla programu za kupimia hazijaenea mitaani, fundi wa kompyuta Dar es Salaam alipima diski kwa sikio. Aliwasha mashine, akainamisha kichwa juu ya kasha, akatulia. Diski nzima ilivuma kwa sauti moja. Iliyochoka ilikwaruza. Iliyokufa iligonga tik, tik, tik, kichwa chake cha kusomea kikitafuta pa kuanzia na kupakosa. Fundi aliyenifundisha kazi hii Kariakoo, mwanzoni mwa miaka ya 2000, alimweleza mteja hali ya diski yake hata kabla skrini haijawaka, na mara nyingi alipatia. Leo mashine nyingi zinazopita mezani kwangu zina SSD (diski ya chipu) ya bei nafuu ndani, au zimeletwa ziwekewe. SSD haivumi wala haigongi. Hufanya kazi vizuri, kisha siku moja hunyamaza na kila kilichokuwa ndani. Kwa hiyo anayetaka kuipima hana budi kujua unafuu wake ulitoka wapi, kwa sababu kila mara bei iliposhuka kuna kitu kilipunguzwa ndani ya kifaa, na kitu hicho kina jina.

Diski inayozunguka ilianza mwaka 1956, IBM walipoitoa katika maabara yao ya San Jose, California. Ilikuwa na sahani 50, kila moja ikiwa na upana wa inchi 24, ikahifadhi herufi milioni 5, na uzito wake ulizidi tani moja. Mwaka 1980 kampuni iliyokuja kuitwa Seagate ikatoa diski ya megabaiti 5 iliyoingia ndani ya kompyuta ya mezani. Umbo likawa dogo na sahani zikapungua, lakini mwendo ulibaki ule ule: sahani inazunguka, mkono unasogea, kichwa kinasubiri sehemu inayotakiwa ipite chini yake.

Kwetu mashine hizo zilichelewa. Mwaka 1974 serikali ya Tanzania ilizuia uingizaji wa kompyuta bila kibali maalumu, kwa hiyo kizazi kizima cha mafundi kilikulia kwenye redio na taipureta. Milango ilipofunguka na mikahawa ya intaneti kuzagaa mjini, mafundi wale wale ndio waliofungua makasha ya kompyuta, na walikuja na tabia yao ya redio, yaani kusikiliza kwanza. Diski za wakati ule zilikuwa za gigabaiti 20 au 40, zenye waya mpana wa kijivu na kipini kidogo cha kuchagua ipi itangulie na ipi ifuate. Adui zao tuliwajua: vumbi, joto, na umeme kukatika sahani zikiwa katika kasi. Nilifundishwa kutoisogeza mashine inayowaka hata kidogo, na mpaka leo mkono wangu husita kuisogeza, ingawa ndani yake hamna tena kinachozunguka.

Malalamiko ya wateja hayajabadilika tangu siku hizo. Mwalimu anaweka begi mezani, tunasalimiana, halafu anasema, “Mashine imekuwa nzito, dada fundi. Naiwasha, naenda kunywa chai, narudi bado inazungusha duara.” Wengi hudhani ni virusi, na miaka mingi dawa yetu ilikuwa moja, kupiga Windows upya. Mashine ilichangamka wiki chache, kisha ikarudia uzito wake.

Hesabu inaonyesha ni kwa nini. Diski ya laptopu huzunguka mara 5,400 kwa dakika, sawa na mara 90 kwa sekunde. Mzunguko mmoja unachukua milisekunde 11, hivyo kwa wastani kichwa husubiri karibu milisekunde 6 ili sehemu inayotakiwa ifike, na kabla ya hapo mkono umetumia milisekunde 12 hivi kufika kwenye njia yake. Jumla ni milisekunde 18 kwa kila kipande kidogo cha data, maana yake kwa sekunde nzima vipande havifiki hata 60. Windows inapowaka huomba maelfu ya vipande vya namna hiyo, vimetawanyika kila kona ya sahani. Kichipu cha mashine kiwe na nguvu kiasi gani, kinakaa tu kikisubiri mkono wa chuma. SSD ya bei ya chini kabisa hujibu ombi kama hilo kwa takriban sehemu ya kumi ya milisekunde. Tofauti hiyo ndiyo mteja anayoihisi, wala si namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi.

Mtu anayetudai kwa hilo ni Fujio Masuoka, mhandisi aliyezaliwa Takasaki, Japani, mwaka 1943. Akiwa Toshiba, mwaka 1984 aliwaonyesha wanasayansi wenzake kumbukumbu ya chipu inayofutika kwa mafungu na kubaki na data hata umeme ukiondoka, na mwaka 1987 akaja na aina iliyoitwa NAND, ambayo ndiyo imo katika kila flashi na kila SSD ya leo. Ndani ya kila seli kuna chumba kidogo kilichozungukwa na kizio, elektroni husukumwa humo kwa volteji na kunaswa. Kila zinaposukumwa na kutolewa, kizio huchakaa kidogo. Masuoka baadaye aliondoka kwenda kufundisha Chuo Kikuu cha Tohoku, na mwaka 2004 akaishtaki Toshiba akidai fidia kwa uvumbuzi wake. Mwaka 2006 walimaliza kwa yeni milioni 87. Nikiangalia maduka ya Kariakoo yaliyojaa vifaa vinavyotegemea kichwa cha mtu huyu, naona alilipwa kidogo mno, na jina lake linastahili kujulikana na kila anayejiita fundi.

Chipu zake zilikaa muda mrefu juu ya uwezo wa watu wa kawaida. Mwaka 1991 SanDisk, wakati ule ikiitwa SunDisk, iliuza SSD ya megabaiti 20 kwa karibu dola 1,000. Mwaka 2008 Intel ilitoa X25-M ya gigabaiti 80 kwa dola 595, na waliokuwa nayo waliongea kama watu waliobadilishiwa kompyuta nzima. Sisi tuliendelea na sahani, mpaka mafuriko ya Thailand mwaka 2011 yalipozamisha viwanda vya diski na bei zikapanda duniani kote. Nakumbuka diski zilivyoadimika madukani, na tulivyokuwa tukivua za zamani kwenye mashine mbovu ili kuziuza tena.

Unafuu uliingia kwa njia ya kubana. Seli za mwanzo zilibeba biti moja: ina chaji au haina. Kisha zikabebeshwa mbili, na kipimo kikalazimika kutofautisha viwango 4 vya chaji. Mwaka 2012 Samsung ilileta SSD ya biti tatu kwa watu wa kawaida, viwango 8, na kufikia mwaka 2018 zikaingia sokoni za biti nne, viwango 16 ndani ya chumba kile kile. Kila biti iliyoongezwa ilishusha bei ya gigabaiti, ikapunguza kasi ya kuandika, na ikafupisha maisha ya seli, kwa sababu kizio kikichakaa kidogo tu viwango vilivyosongamana huanza kuchanganyika. Kuanzia mwaka 2013 seli zilianza kurundikwa ghorofa kwa ghorofa, Samsung wakianza na ghorofa 24, na hilo liliponya sehemu ya madhara bila kupandisha bei.

Punguzo jingine halionekani kwa macho. SSD nzuri ina kichipu cha pembeni cha kumbukumbu ya haraka kinachotunza ramani ya mahali kila data ilipo. Za bei nafuu ziliondolewa kichipu hicho, na ramani ikabaki ndani ya seli za kawaida. Ili ucheleweshaji usionekane, watengenezaji hutumia sehemu ya nafasi iliyo wazi kama seli za biti moja, data mpya hupokelewa hapo kwa kasi, kisha huhamishwa polepole mashine ikiwa imetulia.

Hayo yote yalikutana katika vifaa kama Kingston A400, iliyotoka mwaka 2017: biti tatu kwa seli, haina kichipu cha ramani, na ile ya gigabaiti 240 ilitangazwa kusoma megabaiti 500 kwa sekunde na kuandika 350. Kufikia mwaka 2019 SSD za kundi hilo ziliuzwa nje kwa dola 30 hivi. Wakati huo huo mji wetu ulikuwa umejaa laptopu za mtumba, ThinkPad, EliteBook na Latitude, kutoka maofisi ya Ulaya na Marekani, nyingi zikipitia Dubai, mashine imara zenye diski iliyochoka. Kuunganisha vitu hivyo viwili ndiko kulikobadilisha kazi yetu. Mwenye steshenari aliyekuwa akiwasha kompyuta yake saa moja kabla ya wanafunzi kufika sasa anaiwasha wakiwa mlangoni. Laptopu iliyokuwa iende kwenye chakavu inafanya kazi miaka mingine minne, mitano.

Kwa hiyo SSD ya bei nafuu naipima hivi. Kwanza namuuliza mteja kazi yake, kwa kuwa kasi ya boksini ni ya faili kubwa zikiwa mwanzoni tu. Anayeandika barua, kuchapa mitihani, kujaza hesabu na kutazama video mtandaoni hatafika kamwe mahali ambapo SSD ya bei nafuu inachoka. Anayehariri video za harusi atafika siku ya kwanza: akinakili gigabaiti 50 kwa mkupuo, ile sehemu ya haraka itajaa na kasi itaanguka, kwa baadhi ya zile za biti nne hadi chini ya diski ya sahani. Huyo namshauri asubiri aongeze fedha.

Kisha naangalia uhai. A400 ya gigabaiti 240 ina dhamana ya kuandikiwa terabaiti 80. Mtu anayeandika gigabaiti 20 kila siku, kiwango ambacho mtumiaji wa ofisini hafikii, atahitaji siku 4,000 kuzimaliza, karibu miaka 11. Hofu iliyotangazwa sana kwamba SSD huisha kwa kutumiwa, kwa mtu wa kawaida haina msingi. Ila mashine ikiwa na ramu ya gigabaiti 4, Windows huitumia diski kama ramu ya akiba na kuiandikia mchana kutwa, hivyo fedha ikiruhusu naongeza ramu siku hiyo hiyo.

Kifaa kisicho na jina la mtengenezaji, au kinachodai terabaiti 2 kwa bei ya gigabaiti 120, sikiweki kwenye mashine ya mtu kabla ya kukijaza chote. Kuna vifaa vilivyoandikiwa uongo ndani ya chipu inayovisimamia: kompyuta inaona nafasi kubwa, data mpya inaandikwa juu ya ya zamani, na mwenye mali anagundua siku anapohitaji cheti chake. H2testw, programu ya bure iliyotokana na jarida la kompyuta la Ujerumani, c't, hujaza kifaa mwanzo hadi mwisho kisha husoma kila kitu upya. Inachukua saa kadhaa. Nawaomba wateja wavumilie.

Umeme unabaki adui, kwa sura mpya. SSD za bei nafuu hazina kapasita za kuzipa nguvu ya kumalizia kazi umeme unapokatika ghafla, na ukikatika ramani ikiwa inaandikwa, kifaa kinaweza kujitambulisha kwa ukubwa usio wake au kutoonekana kabisa. Laptopu ina betri, hata iliyochoka inatosha kwa hilo. Kompyuta ya mezani ya steshenari inahitaji UPS, yaani betri ya akiba, na hapo sikubali kubembelezwa.

Jambo linalowashangaza wengi ni la kuhifadhi. Diski ya sahani ikiwekwa kabatini hukaa na data miaka mingi. SSD hutunza chaji, na chaji huvuja, upesi zaidi penye joto. Kipimo cha kimataifa kwa SSD ya matumizi ya kawaida, iliyokwisha kutumia uhai wake wote wa kuandikiwa, ni mwaka mmoja bila umeme katika nyuzi 30. Dar es Salaam mwezi wa Februari hupita hapo. Ndiyo maana diski ya zamani siitoi nikaitupa: naifunga penye nafasi ya kusomea CD, au naitia kwenye kasha la nje, na picha za familia zinakaa humo.

Kuna mpaka ambao SSD haiuvuki. Msaada wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai kichipu cha Intel cha kizazi cha nane kwenda juu, pamoja na kichipu cha usalama cha TPM 2.0. EliteBook na ThinkPad nyingi tulizozifufua kwa dola 30 ni za kizazi cha sita au kabla. Vyuma ni vizima, zinawaka kwa sekunde chache, na hazitambuliwi tena. Kwa walimu wanaokubali naweka mfumo mwingine, Linux Mint, nakaa nao nusu saa kuwaonyesha wapi pa kuandikia mtihani na jinsi ya kuuchapa, na SSD ile ile inabaki ndani.