Redio Ndogo na Mkono wa Sheria katika Pwani ya Cabo Delgado

Pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, kuanzia mdomo wa Mto Ruvuma, kupita Palma na Mocímboa da Praia hadi visiwa vya Quirimba, ni pwani ya watu wanaotegemea masikio. Humo huzungumzwa Kimwani, Kimakonde, Kimakhuwa na Kiswahili, na kwa miaka mingi habari imewafikia wakazi wake kwa redio kabla ya gazeti. Kwa hiyo swali la nani anaruhusiwa kurusha sauti hewani, hata kwa mtambo wa wati chache usiosikika nje ya mji mmoja, si swali dogo. Na kwa kuwa mtu wa kwanza kuukuta mtambo wa namna hiyo huwa ni askari au polisi wa doria, inafaa historia yake ijulikane kambini na kituoni.

Watu wengi hawakumbuki kwamba redio ya Msumbiji yenyewe ilianzishwa na watu waliofanya hivyo kwa mapenzi tu. Tarehe 18 Machi 1933, chama cha wapenzi wa redio, Grémio dos Radiófilos, kilirusha matangazo yake ya kwanza mjini Lourenço Marques, ambao leo ni Maputo. Mwaka 1937 chama hicho kikawa Rádio Clube de Moçambique, na tarehe 2 Oktoba 1975, miezi michache baada ya uhuru, kikawa sehemu ya Rádio Moçambique, sauti ya taifa. Lakini kilikuwa chama cha walowezi. Mvuvi wa Palma na mkulima wa Mueda hawakuwa na kiti humo. Mpenzi wa redio aliyekuwa na kibali wakati huo alikuwa mtu wa tabaka la watawala.

Sheria yenyewe ina umri mkubwa kuliko chama hicho. Mataifa yalikutana Berlin mwaka 1906, kisha Washington mwaka 1927, kuweka utaratibu wa mawimbi. Kanuni za kimataifa zinazotumika hadi leo zinasema kwamba mtu binafsi asiweke wala kuendesha mtambo wa kurushia mawimbi bila leseni ya serikali ya nchi yake. Sababu ya kwanza si siasa. Hewa ni moja, na haina ukuta. Matangazo ya FM hukaa kati ya megahezi 88 na 108. Mara tu baada ya 108 huanza masafa ya ndege. Manahodha nao husikiliza wito wa hatari katika megahezi 156.8. Mtambo ulioundwa vibaya, hata ukiwa mdogo, huweza kumwaga mawimbi nje ya nafasi yake na kuziba sauti ya rubani anayetafuta kiwanja au ya chombo kinachozama. Mdharau mwiba mguu huota tende.

Wapenzi wa redio nao wana mahali pao katika sheria. Mwenye leseni hiyo anaruhusiwa kujifunza, kufanya majaribio na kuzungumza na wapenzi wenzake, bila kutafuta faida. Hapewi ruhusa ya kuutangazia umma muziki au habari, na anapozungumza na wenzake wa nchi nyingine hatakiwi kuficha maana ya maneno yake kwa msimbo. Mwenye kutaka kuutangazia umma huomba leseni ya namna nyingine.

Hata hivyo, historia ya pwani hii inaonyesha kwamba marufuku peke yake haifungi masikio. Vita vya ukombozi vilipoanza Chai, Cabo Delgado, tarehe 25 Septemba 1964, Sauti ya Frelimo ilivuka Ruvuma kutoka Dar es Salaam. Polisi wa siri wa Kireno, PIDE, waliwasaka wasikilizaji wake. Watu wakaendelea kusikiliza kwa siri, sauti ikiwa imepunguzwa. Tarehe 7 Septemba 1974, siku ile ile mapatano ya Lusaka yalipotiwa saini, walowezi waliopinga uhuru walikiteka kituo cha Rádio Clube, wakakishika kwa siku chache. Kilikuwa kituo halali, chenye anwani na vibali, kikageuzwa silaha. Nchini Rwanda, kituo cha RTLM kilichoanza kutangaza mwaka 1993 kilikuwa na ruhusa ya serikali, na kilichochea mauaji ya mwaka 1994. Leseni, basi, ni mlango wa utaratibu. Si hati ya wema, na kukosa leseni si ushahidi wa uadui.

Mwaka 1991, Sheria ya Vyombo vya Habari ya Msumbiji, namba 18/91, iliruhusu vyombo visivyo vya serikali. Redio za jamii zikaota wilayani, zikitangaza kwa lugha za wenyeji bei za mazao, kipindupindu na watoto waliopotea. Kisha vita vikaingia Mocímboa da Praia alfajiri ya tarehe 5 Oktoba 2017, na vituo vya polisi vikawa shabaha ya kwanza. Mwaka 2020 redio ya jamii ya misheni ya Nangololo, wilayani Muidumbe, iliharibiwa na washambuliaji. Mwenye kuchoma kituo kidogo alijua thamani yake.

Lakini redio hizo hazikuumizwa na upande mmoja tu. Januari 2019 mwandishi wa redio ya jamii alikamatwa Macomia alipokuwa akizungumza na watu waliokimbia makazi yao; alishikiliwa kwa muda katika kambi ya jeshi ya Mueda, akaachiwa kwa dhamana mwezi Aprili. Tarehe 7 Aprili 2020 mtangazaji wa redio ya jamii ya Palma alitoweka, baada ya kuwapelekea wenzake ujumbe kwamba amezungukwa na askari. Miaka ikapita jamaa zake wasijue aliko. Hawa hawakuwa watu wa mitambo ya magendo. Walikuwa watangazaji wa vituo vilivyojulikana.

Hapo ndipo uzito wa jambo ulipo. Mtambo usio na leseni ni kosa la kibali: huzimwa, huorodheshwa, hukabidhiwa mamlaka ya mawasiliano, na mwenyewe hufikishwa mbele ya hakimu. Mtambo unaoongoza mashambulizi ni jambo la vita, nalo huthibitishwa kwa ushahidi. Askari anayeyachanganya haya mawili humpa adui zawadi, kwa kuwa mwanakijiji aliyeona redio ya kwao ikinyamazishwa bila maelezo hatarudi kituoni kutoa habari ya wageni waliopita usiku. Atanyamaza, atatafuta sauti nyingine ya kusikiliza, na sauti hiyo huenda ikawa ya wale wanaomwinda askari mwenyewe.