Kipimo cha haraka cha malaria: kinafanyaje kazi bila umeme?

Zahanati isiyo na umeme wala hadubini inaweza kumpima mtoto wako malaria na kutoa majibu ndani ya dakika 20 hivi. Hutumia kipimo cha haraka, kile kidude cheupe cha plastiki ambacho wengi wanakiita MRDT.

Kinavyofanya kazi

Mtoa huduma huchoma ncha ya kidole, huweka tone dogo la damu kwenye kipimo, kisha hudondosha maji maalumu. Ndani kuna utepe unaonyonya na kuisafirisha damu wenyewe, kama utambi wa koroboi unavyopandisha mafuta ya taa. Ndiyo maana hakihitaji betri. Vipimo vingi hutafuta protini iitwayo HRP2, inayotolewa na vimelea vya Plasmodium falciparum. Ikiwepo, hunaswa kwenye utepe na mstari hujitokeza.

Kusoma majibu

- Mstari wa C na wa T: kuna malaria, hata kama wa T umefifia.
- Mstari wa C peke yake: malaria haikuonekana.
- Mstari wa C haupo: kipimo hakikufanya kazi. Upimwe upya kwa kipimo kingine.

Majibu husomwa kwa muda ulioelekezwa kwenye kipimo husika. Ukisoma mapema au ukichelewa, unaweza kupata majibu yasiyo sahihi.

Mambo yanayowachanganya wengi

HRP2 inaweza kubaki kwenye damu kwa wiki kadhaa baada ya kupona. Kwa hiyo, kama mtoto alitumia dawa ya mseto hivi karibuni, mwambie mtoa huduma kabla ya kupima.

Majibu yakionyesha hakuna malaria, usilazimishe kupewa mseto. Homa inaweza kuwa ya nimonia au maambukizi ya mkojo, na mtoto anahitaji tiba ya ugonjwa alionao. Homa ikiendelea, mrudishe apimwe tena.

Usisubiri

Mtoto mwenye homa apelekwe kupimwa ndani ya saa 24. Akipata degedege, akitapika kila kitu, akishindwa kunyonya au kunywa, akihema kwa shida, akilegea sana au akipoteza fahamu, usianzie duka la dawa. Mpeleke mara moja kituo cha afya au hospitali iliyo karibu, iwe usiku au mchana.