Uvumi Mpakani: Funzo la Busia na Tororo

Ndugu askari wa jeshi na wa polisi, wahenga walinena kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Lakini historia ya mpaka wa Kenya na Uganda yatufunza kwamba mara nyingi lisemwalo huwa na chembe tu ya kweli, na chembe hiyo ndiyo chambo.

Mwezi Februari mwaka 1976, Idi Amin alitangaza kwamba sehemu kubwa ya Kenya ya magharibi ilikuwa ya Uganda. Chembe ya kweli ilikuwamo: hadi tarehe 1 Aprili 1902, nchi yote kutoka Busia hata Naivasha ilitawaliwa kama Jimbo la Mashariki la Uganda, kisha Waingereza wakaihamisha. Kilichofichwa ni kwamba mataifa ya Afrika yalikwisha kukubaliana huko Cairo, mwaka 1964, kuiheshimu mipaka iliyokuwapo siku ya uhuru. Amin mwenyewe baadaye alisema hataki vita. Lakini hofu ilikuwa imekwisha kuenea.

Desemba 1987, risasi zililia Busia na mpaka ukafungwa. Kila upande ulidai kuwa mwenzake ndiye aliyeanza. Wasamia na Wateso, wenye jamaa pande zote mbili, wakabaki kati ya habari zinazopingana. Mambo yalitulia pale Rais Moi na Rais Museveni walipokutana ana kwa ana tarehe 28 Desemba huko Malaba, katika njia iendayo Tororo.

Zamani uvumi ulitembea kwa miguu hadi sokoni. Leo waruka kwa simu. Picha ya mapigano ya kale, au ya nchi ya mbali, hubandikwa maneno mapya, tukaambiwa ni Busia asubuhi hii. Basi askari na aulize: Ni Busia ipi, maana miji ni miwili na jina ni moja? Ni siku gani? Nani aliyeona kwa macho yake? Wenzetu wa ng'ambo ya lango wanasemaje? Na habari isiyo na mwenyewe, ihimizayo isambazwe upesi, ndiyo ya kushukiwa kwanza.

Raia aliyedanganywa aweza kesho kuyasahihisha maneno yake. Askari aliyedanganywa ana bunduki mkononi, na risasi ikishatoka hairudi.