Boma na Ndege: Ulinzi wa Mahali pa Siri katika Posta ya Dar es Salaam tangu Mwaka 1914

Mtu akisimama Kivukoni, karibu na mahali pantoni la Kigamboni linapofunga, atakuwa amezungukwa na mambo ambayo Serikali yoyote hupenda kuyalinda kuliko mengine. Ikulu ya Magogoni haiko mbali. Bandari iko machoni pake. Na akitembea kwa miguu kwa muda usiozidi nusu saa atapita Benki Kuu, Posta na Stesheni ya reli. Mahali hapa pana kuta, malango na askari, na pengine vibao vya kukataza kupiga picha. Kwa kila njia ambayo mguu au gurudumu laweza kupita, yuko mtu wa kuuliza, "Wewe nani, na wataka nini?"

Lakini juu hapana ukuta wala lango. Chombo kidogo kisichofika uzito wa kilo moja, chenye kamera tumboni, chaweza kuinuka kutoka paa la nyumba ya Kariakoo na kufika juu ya bandari katika dakika chache, na mwenye kukirusha asiondoke pale alipoketi. Watu wengi husema kwamba hili ni jambo jipya kabisa. Mimi sikubali. Chombo ni kipya, lakini swali lake ni la zamani, na lilikwisha kuulizwa katika pwani yetu zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Katika makala haya nataka kuonyesha jinsi lilivyoulizwa, na jinsi lilivyojibiwa vibaya mara kwa mara.

Na tuanze na neno boma. Maana yake ya kwanza ni ua wa miti au miiba uliozungushwa mji au zizi. Baadaye likawa ngome ya mawe, na katika siku za utawala wa kigeni likawa ofisi ya mtawala mwenyewe, hata mtu akasema "naitwa bomani" bila ya kufikiri miiba wala mawe. Boma la Kale la Dar es Salaam, lililojengwa katika miaka ya 1860, siku za Seyyid Majid, lingali limesimama na kuikabili bandari. Kuta zake nene zatuambia wazi mjenzi wake alimwogopa nani: alimwogopa mtu ajaye kwa miguu au kwa chombo cha baharini. Wajerumani walipoufanya mji huu kuwa makao makuu yao mwaka 1891, walijenga majumba yao kando ya maji yale yale, na hofu yao ilikuwa ya namna ile ile.

Hofu hiyo ilithibitika tarehe 8 Agosti 1914. Manowari ya Kiingereza, Astraea, ilikuja mbele ya mji na kuupiga kwa mizinga, na shabaha yake ilikuwa mnara wa simu ya upepo. Yafaa tulikumbuke jambo hili, kwa kuwa shabaha ya kwanza ya vita katika mji wetu haikuwa ngome wala kambi, bali chombo cha kupeleka habari. Wajerumani wenyewe wakazamisha gati lao lielealo katika mlango wa bandari, ili adui asiingie. Mwishoni mwa Novemba ya mwaka ule manowari zilirudi na kuupiga mji tena, na jumba la gavana likabomolewa. Waingereza walilijenga upya baada ya vita, nalo ndilo Ikulu ya Magogoni tuijuayo.

Mpaka hapo adui alikuja kutoka upande uliotazamiwa. Somo jipya lilitokea kusini ya mji, katika mikono ya mto Rufiji. Manowari ya Kijerumani, Königsberg, iliyokuwa imeondoka Dar es Salaam siku ya mwisho ya Julai 1914, iliizamisha manowari Pegasus huko Unguja tarehe 20 Septemba, kisha ikajificha katika mikoko ya Rufiji. Mitambo yake ilikuwa mibovu, na baadhi ya vipande vyake ilibidi vichukuliwe kwa nchi kavu mpaka karakana za Dar es Salaam, vikatengenezwe na kurudishwa. Meli yenyewe ilifunikwa kwa matawi ya miti. Manowari kubwa za Waingereza hazikuweza kuingia mtoni kwa uchache wa maji, na kwa mtu aliye baharini mikoko ile ilikuwa pazia zuri.

Waingereza wakamwajiri rubani mmoja raia, aitwaye Cutler, mwenye ndege ya kutua majini. Katika Novemba 1914 aliruka kutoka kisiwa kidogo karibu na Mafia, akapita juu ya mikoko, akaiona meli. Ndege yake ilikuwa dhaifu, na mwezi wa Desemba iliharibika, naye akatekwa mtoni. Walakini siri ilikwisha kutoka. Waingereza waliishika Mafia mnamo Januari 1915, wakatengeneza huko uwanja wa ndege, na mwezi wa Julai meli mbili za maji machache, Severn na Mersey, zikaingia mtoni. Hazikuweza kuiona Königsberg kwa macho. Marubani ndio walioona mahali risasi za mizinga zilipoanguka, wakazipelekea habari kwa simu ya upepo. Tarehe 11 Julai ndege mojawapo ilipigwa ikaangukia mtoni, na mtazamaji wake aliendelea kuelekeza mizinga hata wakati ilipokuwa ikishuka. Siku hiyo Königsberg ikaisha.

Hapo ndipo pwani yetu ilipojifunza kwamba mahali palipofichwa na mtu wa chini si mahali palipofichwa na mtu wa juu. Wajerumani hawakuwa na ndege yao katika anga ya Rufiji. Kwa hiyo mlinzi aliyesikia mvumo hakuwa na haja ya kuuliza ni nani apitaye. Kila ndege ilikuwa ya adui, na kila bunduki iliruhusiwa kuipiga. Nitairudia hali hii mbele, maana ndiyo iliyobadilika.

Vita vile vile vilituachia jina la Kariakoo. Waingereza walipouteka mji tarehe 4 Septemba 1916, wapagazi wa jeshi lao walikaa upande ule, na jina la kikosi chao, Carrier Corps, likageuka katika vinywa vya watu likawa la mtaa.

Hata hivyo somo la Rufiji halikukaa sana katika fikira za walinzi. Usiku wa kuamkia tarehe 20 Januari 1964 askari wa kambi ya Colito, ambayo sasa ni Lugalo, waliasi, wakaingia mjini na kufika hata Ikulu. Rais Nyerere na Makamu wake Kawawa iliwabidi wafichwe. Ukuta na lango havikufaa kitu, kwa kuwa waliokuja ndio waliokuwa na wajibu wa kulinda. Tarehe 25 Januari uasi ule ulizimwa na askari wa Kiingereza walioombwa na Serikali, nao walishuka kambini kwa helikopta kutoka manowari Centaur iliyokuwa baharini. Basi katika juma moja mji uliona hatari ikitoka ndani na msaada ukitoka juu, na yote mawili hayakuwamo katika hesabu za mjenzi wa boma.

Sheria zilizofuata zilikuwa na maneno makali, lakini zilitembea kwa miguu. Sheria ya mwaka 1969 iliipa Serikali uwezo wa kutangaza mahali kuwa pa kulindwa, na ile ya usalama wa taifa ya mwaka 1970 iliwakabili wenye kukaribia, kuingia au kuchora ramani za mahali hapo kwa nia ya kuidhuru nchi. Mtu aliyefikiriwa ni mtu mwenye mwili, aliyesimama karibu. Mwaka 1979, katika vita vya Kagera, ndege ya Libya iliyotumwa kupiga matangi ya mafuta ya Mwanza ilikosea shabaha, na mabomu yake yakaanguka kisiwani Saanane, yakaua wanyama wa hifadhi. Twaweza kuyacheka makosa ya rubani yule, lakini matangi hayakuokolewa na ulinzi wetu. Tarehe 7 Agosti 1998 lori lenye bomu lilifika kwenye ubalozi wa Marekani na kuua watu 11. Tangu hapo kuta ziliongezwa unene, na majengo mengi yakawekwa mbali na barabara. Kila ukuta hujengwa dhidi ya adui aliyekwisha kupita.

Na sasa tumeifikia ndege isiyo na rubani. Lugha yenyewe bado yasita: wengine husema droni, wengine ndege nyuki. Lakini zote mbili twaziweka chini ya ndege, neno ambalo kwa Kiswahili ni la kiumbe na la chombo pia, na fumbo hilo limo katika kazi yenyewe. Rada huona kitu kidogo kirukacho chini, nayo yaweza kushindwa kukipambanua na kunguru, na anga ya Posta ina kunguru wengi mno. Kukipiga kwa risasi juu ya mitaa iliyojaa watu ni kuwahatarisha watu wenyewe. Kuvuruga mawimbi ya redio na ya satelaiti ni kuvuruga pia simu za wenye maduka na meli zinazotafuta njia ya bandari. Tena, katika vita vya Ukraine zimetokea droni zinazoongozwa kwa uzi mwembamba wa kioo, ambazo hazina mawimbi ya kuvurugwa.

Ugumu mkubwa, hata hivyo, ni kutojua. Katika Desemba 2018 uwanja wa ndege wa Gatwick, karibu na London, ulifungwa kwa muda wa zaidi ya siku nzima kwa sababu watu walisema wameona droni. Safari kama 1,000 zilivurugika na abiria wapatao 140,000 wakataabika. Hapana mtu aliyeshtakiwa. Mahali pale palikuwa na mali na askari wa kutosha. Palipungukiwa na jibu la swali moja: ni nani?

Kwetu swali hilo lina uzito zaidi, maana wengi warushao vyombo hivi ni watoto wetu wenyewe wafanyao kazi njema. Tangu mwaka 2015 wanafunzi wa vyuo vikuu vya Dar es Salaam, katika kazi iitwayo Ramani Huria, wamechora ramani za mitaa inayoharibiwa na mafuriko, wakisaidiwa na picha za droni. Mwaka 2016 Zanzibar ilianza kupigwa picha kisiwa kizima kwa namna hiyo, nao wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa walikuwamo. Kanuni za mwaka 2018, zinazosimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, zataka chombo kisajiliwe na kupata kibali, na idhini ya wakuu wa ulinzi huhitajiwa. Msingi huo ni mwema. Lakini kibali kikicheleweshwa mno, mtu mwema huacha kazi au huruka kwa siri, na mwenye nia mbaya haombi kibali hata kidogo. Hapo mlinzi hurudi Rufiji: kila ndege kwake ni ya adui, na daftari lake halimwambii neno.

Kwa hiyo naona kwamba ulinzi wa Posta hautatoka kwanza katika bunduki wala katika mtambo wa kuvuruga mawimbi, ijapokuwa vyote vyaweza kuwa na siku yake. Utatoka katika daftari lililo wazi na la upesi, litakalomwezesha askari wa Magogoni, asikiapo mvumo juu ya kichwa chake, kujua mara moja kama yule ni mwanafunzi apimaye bonde la Msimbazi au ni mgeni asiye na jina. Boma lilikuwa ni njia ya kumtenga mwenyeji na mgeni. Kazi hiyo ingalipo; ila angani haiwezi kufanywa kwa miiba wala kwa mawe, bali kwa kujuana.