Kindi wa Duke

Mwaka 1876, tajiri mmoja wa Cheshire, Uingereza, aitwaye Thomas Brocklehurst, aliwafungulia kindi wawili wa kijivu kutoka Marekani katika shamba lake la Henbury. Walikuwa pambo tu. Enzi hizo mwenye ardhi na fedha hakutosheka na wanyama wa kwao. Alitaka wa kigeni, wa kuwatambia wageni.

Aliyewaeneza hasa ni Herbrand Russell, Duke wa Bedford. Mwaka 1890 aliwaachia kindi kumi katika shamba lake la Woburn. Walipozaana akawa anawagawia marafiki kama mtu anayegawa miche ya maua. Mwaka 1911 wakafika Ireland, wakiwa zawadi ya harusi. Cecil Rhodes, mwanasiasa wa kikoloni, naye aliwapeleka Cape Town, ambako hadi leo wanategemea sana mialoni na misonobari, miti ambayo nayo ililetwa na walowezi.

Bustanini kindi anachekesha. Msituni ni balaa. Kuanzia Aprili hadi Julai hubandua magome ya miti ya umri wa miaka 10 hadi 40, ale tabaka laini la ndani linalopitisha sukari. Akilizunguka shina lote, sehemu ya juu hukauka. Akiacha kidonda upande mmoja, kuvu huingia na mbao hukosa thamani. Kwa nini hufanya hivyo? Wataalamu bado wanabishana, na wapo wanaodhani anatafuta kalsiamu. Mwenye msitu hana haja na ubishi huo: mwaloni alioulea miaka 30 umeharibika kwa msimu mmoja.

Ajabu ni kwamba kindi mwekundu, mwenyeji wa Uingereza, aliwahi kushtakiwa kosa hilohilo. Huko Uskoti, chama cha wawindaji kilichoanzishwa mwaka 1903 kiliua makumi ya maelfu yao. Leo analindwa na sheria, huku virusi vya ndui ya kindi, ambavyo yule wa kijivu hubeba bila kuumwa, vikimmaliza.

Sheria ya kuzuia kuingiza na kufuga kindi wa kijivu Uingereza ilikuja mwaka 1937, maji yakiwa yameshamwagika. Miaka ya 1950 serikali ililipa shilingi moja kwa kila mkia, kisha mbili. Mikia ikaletwa, fedha zikalipwa, kindi hawakupungua, na mwaka 1958 mpango ukafutwa.

Kilichofanikiwa zaidi hakikulipwa hata senti. Katika sehemu za Ireland ambako mnyama mmoja mla nyama wa jamii ya kicheche, aliyekuwa karibu kutoweka, ameongezeka tena, kindi wa kijivu wamepungua na wekundu wamerudi.