Historia ya Vyuma Viwili vya Stoo ya Fizikia

Wanachama waliohudhuria mkutano uliopita watakumbuka kwamba Kamati ilisomewa barua ya mfanyabiashara mmoja anayetaka kununua "vyuma viwili vya zamani vya redio" vilivyomo katika stoo ya maabara ya Fizikia. Ndugu Mhariri, akijua kwamba mimi hutumia mapumziko yangu ya Jumapili kufufua vikuza-sauti vya zamani, ameniomba nieleze vyuma hivyo ni nini hasa, ili kura itakapopigwa watu wajue wanapigia nini. Ni vikuza-sauti aina ya Quad II, viwili, pamoja na kisanduku chake cha kurekebishia sauti. Mfanyabiashara yule hakukosea njia.

Kwanza yafaa ieleweke kazi ya kikuza-sauti. Umeme unaotoka kwenye sindano ya santuri ni hafifu mno, hauwezi kutikisa spika. Lazima uongezwe nguvu mara nyingi sana. Jambo hilo liliwezekana baada ya Mmarekani Lee de Forest kutia wavu mdogo wa waya ndani ya valvu mwaka 1906. Umeme kidogo katika wavu ule ukaweza kutawala umeme mwingi upitao katika valvu, kama mtu afunguavyo bomba kubwa kwa kidole kimoja. Lakini valvu haikuzi sauti bila kuitia chumvi yake. Kinachotoka si kile kilichoingia: kinanda hukwaruza, mwimbaji huonekana kama ana mafua. Historia yote ya vikuza-sauti, kwa maoni yangu, ni historia ya watu waliojaribu kuiondoa chumvi hiyo.

Aliyepata dawa ni Harold Black, mhandisi wa simu wa Marekani. Tarehe 2 Agosti, 1927, akiwa ndani ya pantoni akivuka Mto Hudson kwenda kazini New York, wazo lilimjia, akalichora papo hapo juu ya gazeti alilokuwa nalo. (Wenzetu wa Kigamboni wavukao kila asubuhi walizingatie jambo hili.) Wazo lenyewe ni hili: chukua sehemu ya sauti iliyokwisha kukuzwa, igeuze, uirudishe mwanzoni ipambane na sauti inayoingia. Makosa ya valvu hujifuta yenyewe kwa kiasi kikubwa. Nguvu nyingi hupotea, lakini usafi hubaki. Black aliomba hati ya uvumbuzi mwaka 1928 akapewa mwaka 1937. Sisi tulio katika utumishi wa serikali tusicheke sana, ila tufarijike kwamba faili lile halikukaa katika masjala ya kwetu.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Waingereza waliichukua fikra hiyo wakaifikisha nyumbani kwa mtu wa kawaida. Mwaka 1945 Harold Leak alitoa kikuza-sauti alichokiita "Point One", maana yake ni kwamba uharibifu wa sauti haukuzidi asilimia 0.1. Mwaka 1947 D.T.N. Williamson, kijana wa Uskoti aliyekuwa hajafika miaka 25, alichapisha katika gazeti la Wireless World mchoro kamili wa kikuza-sauti cha wati 15 chenye usafi kama huo, kilichotumia valvu mbili za KT66. Mimi humheshimu kijana huyo kuliko wote. Mchoro wake haukufungiwa kabatini. Mtu yeyote mwenye pasi ya kulehemu na subira aliweza kujitengenezea kikuza-sauti, na wengi walifanya hivyo katika nchi mbalimbali.

Peter Walker alikuwa na kiwanda kidogo mjini Huntingdon. Mwaka 1953 alitoa Quad II. Naye alitumia KT66 mbili na kupata wati 15, lakini werevu wake aliuweka ndani ya transfoma inayopeleka sauti kwenye spika. Katika vikuza-sauti vingi vya wakati ule transfoma hiyo hupokea tu kazi ya valvu. Walker aliizungushia nyaya za ziada ambazo huzirudi valvu zenyewe na kuzinyoosha. Ndiyo maana chombo chake kilikuwa kidogo, chenye valvu tano tu pamoja na ile ya kunyoosha umeme, na bado kiliwatoa jasho wenzake waliokuwa wakubwa. Kiliendelea kutengenezwa hadi karibu mwaka 1970.

Huenda msomaji akauliza kwa nini viko viwili. Kila kimoja hukuza njia moja tu ya sauti. Mwingereza Alan Blumlein aliomba hati ya uvumbuzi wa stereo mwaka 1931, akionyesha jinsi njia mbili za sauti zinavyoweza kuandikwa katika mfereji mmoja wa santuri, kila moja na ukuta wake. Alikufa mwaka 1942 katika ajali ya ndege akijaribu mitambo ya rada, kabla ulimwengu haujamsikia. Santuri za stereo zilifika sokoni kwa wingi mwaka 1958, na mwaka uliofuata Walker akatoa kisanduku cha Quad 22 cha kuongozea Quad II mbili kwa pamoja. Kisanduku hicho hakina umeme wake. Hunyonya kutoka kwa vikuza-sauti vyenyewe. Kwa hiyo mwanachama aliyependekeza tuuze kimoja na kubakiza kimoja kwa ukumbusho, ajue kwamba anapendekeza kuuza kiatu cha kushoto.

Kaka zetu wa miaka ya 60 wameniambia kwamba vilikuwa mali ya mwalimu mmoja Mwingereza aliyeviachia shule aliporudi kwao, na kwamba Jumamosi usiku vilipiga santuri katika bwalo. Sisi wa miaka ya 90 tulivikuta stoo tayari, tukivitumia kama ngazi ya kufikia rafu ya juu. Dunia ilikuwa imekwisha hamia kwenye transista. Leak alitoa kikuza-sauti cha transista mwaka 1963, na Walker mwenyewe akafuata mwaka 1967. Valvu zikaonekana mambo ya kizee.

Sasa nije kwenye ugomvi halisi. Baadhi ya wakusanyaji hushikilia kwamba chombo cha zamani kisiguswe hata skrubu. Wengine hung'oa kila kitu na kuweka vipya, mpaka jina tu ndilo la zamani. Mimi siko upande wowote kati ya hizo. Kapasita ni kama tairi: imetengenezwa iishe. Katika Quad II zipo kapasita mbili ndogo ambazo zikizeeka huvujisha umeme kwenye wavu wa KT66. Valvu hapo hula umeme kupita kiasi, rezista moja inayozihudumia zote mbili huungua, na mwisho moto hufika kwenye transfoma. Na transfoma ile ndiyo Quad yenyewe. Anayekataa kubadili kapasita ya bei ndogo kwa jina la kuhifadhi, anahifadhi jeneza.

Nimevipima vya kwetu, bila kuvitia umeme. Transfoma zote ni nzima. Kapasita zimekufa, kama nilivyotarajia. Valvu mbili za KT66 hazipo, nazo hupatikana, kwani hutengenezwa hadi leo. Umeme wetu wa volti 230 unalingana na wa kwao, hivyo hakuna haja ya kigeuzi. Ninaloomba ni mtu yeyote asivichomeke ukutani "kujaribu tu". Ndani yake hupita zaidi ya volti 300, na chombo kilicholala miaka 30 huamshwa polepole, kwa kuunganishiwa taa ya balbu njiani ili ikiwaka sana ujue kuna hitilafu.

Kazi itachukua Jumapili nne au tano, na fedha zitakazohitajika ni za vipuri peke yake. Kapasita kubwa mpya nitazificha ndani ya kopo la zamani, ili sura isibadilike. Kila kitakachotoka kitatiwa katika bahasha yenye tarehe na mahali kilipokuwa, bahasha zikae pamoja na kisanduku. Walimu wa Fizikia wameniuliza kama vijana wa Kidato cha Nne wanaweza kuwapo kifuniko kitakapofunguliwa. Nimewajibu kwamba hilo litategemea kura.